Damu ya Pwani, Damu ya Milimani

Mwanafunzi wa kidato cha nne, awe Tanzania au Kenya, akifika kwenye mada ya urithi hukutana kwanza na njegere. Ni njegere za Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyewasomea wanasayansi wa mji huo matokeo yake mwaka 1865: mimea mirefu ilipandishwa na mifupi, kizazi cha kwanza kikawa kirefu chote, cha pili kikagawanyika tatu kwa moja. Baada ya hapo huja msamiati, jedwali la miraba minne, na mazoezi. Mahali fulani kati ya mazoezi na mtihani hutajwa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, kwa mistari michache, ukiwa mfano mmoja kati ya mingi. Mwalimu ana silabasi ya kumaliza, na ukurasa unafunuliwa.

Mpangilio huo ningeugeuza. Mendel anastahili heshima yake yote, lakini selimundu ndiyo ingebeba mada nzima, tena si ya urithi peke yake. Ndani ya ugonjwa huu mmoja mwanafunzi atakuta seli, protini, mzunguko wa damu, vimelea, mbu, hesabu za uwezekano na uteuzi asilia, yaani sehemu kubwa ya yale anayofundishwa kwa miaka minne katika sura zisizosalimiana. Na atakuta jambo ambalo vitabu vyake hulitaja kwa mbali sana, kama hulitaja kabisa: mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi asilia kwa binadamu ulipatikana hapa kwetu, katika damu ya watu wa pwani ya Kenya, wa kandokando ya Ziwa Victoria, na wa Buganda.

Tuanze na chembe nyekundu ya damu. Kazi yake kuu ni kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu, na inaibeba kwa protini iliyojaa ndani yake, himoglobini. Chembe moja ina molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Kila molekuli imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizofuatana, na mfuatano huo huamuliwa na jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 11.

Kwa mgonjwa wa selimundu, kati ya hizo 146 imebadilika moja tu. Katika nafasi ya sita, mahali pa asidi ya glutamiki, imekaa valini. Linus Pauling na wenzake huko California walikuwa wameonyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri kwa namna tofauti katika uga wa umeme, nao wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, aliifuatilia tofauti hiyo miaka ya 1956 na 1957 hadi akaifikia asidi amino yenyewe. Kwenye DNA tofauti ni herufi moja: palipokuwa na A, pana T.

Asidi ya glutamiki hupenda maji, valini huyakwepa. Himoglobini yenye valini ikishaachia oksijeni yake, sehemu hiyo inayokwepa maji hujibana kwenye molekuli ya jirani, na jirani hujibana kwa mwingine, mpaka zinatokea nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani. Chembe iliyokuwa ya duara na laini hupinda ikawa kama mundu. Ikirudi kwenye mapafu ikapata oksijeni, nyuzi huyeyuka na chembe hunyooka. Ikipinda na kunyooka mara nyingi, mwisho wake hubaki imepinda moja kwa moja.

Yote anayoyapata mgonjwa yanatoka hapo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hizi huishi siku 10 hadi 20, na uboho hauwahi kuziba pengo, hivyo mtoto hukosa damu na macho huwa ya manjano kwa mabaki ya chembe zilizovunjika. Chembe ngumu hukwama kwenye mishipa myembamba, na sehemu iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni: hayo ndiyo maumivu ya mifupa na viungo ambayo wagonjwa wenyewe huyaelezea kuwa hayana mfano. Bandama huziba mara kwa mara hadi inakufa mtoto akiwa bado mdogo, na bila bandama bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo huingia kwa urahisi. Ndiyo maana watoto hawa hupewa penisilini kila siku mpaka watimize miaka 5. Mshipa wa ubongo ukiziba, mtoto wa darasa la pili anaweza kupooza upande mmoja.

Kuna jambo dogo hapa ambalo tutalihitaji baadaye. Mtoto mwenye selimundu haumwi siku anayozaliwa. Akiwa tumboni alitumia himoglobini ya kichanga, ambayo mahali pa mnyororo wa beta ina mnyororo mwingine, gama, usio na kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa, gama hupungua na beta huchukua nafasi. Ifikapo miezi sita hivi, himoglobini mpya imeshatawala, na mama huona vidole vya mikono na nyayo vikivimba. Wengi husimulia kwamba hapo ndipo mtoto "alipobadilika". Kwa kemia ya damu, wanasema kweli kabisa.

Sasa urithi. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya beta, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili za kawaida ni AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya selimundu ni AS, mbebaji, na kwa kawaida haumwi; anaweza kuishi hadi uzee asijue. Mwenye mbili za selimundu ni SS, naye ndiye mgonjwa. Mwaka 1949, James Neel nchini Marekani na E. A. Beet huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba hivyo ndivyo ugonjwa unavyorithiwa. Baba AS na mama AS wakizaa, jedwali la miraba minne linasema: mraba mmoja AA, miwili AS, mmoja SS.

Jedwali hilo wanafunzi hulijaza bila kosa, wakapata alama zao, kisha wakiwa watu wazima wanakaa mbele ya daktari, wanaambiwa "moja kwa nne", na wanaelewa kitu kingine kabisa. Kuna swali ambalo halikauki katika kliniki za selimundu: "Daktari, huyu wa kwanza si ameshachukua fungu la ugonjwa? Basi watatu wanaofuata watakuwa wazima?" Jibu ni hapana, mama. Kila mimba inaanza upya. Jeni hazikumbuki mtoto aliyetangulia.

Ningependa mwalimu atenge robo saa kwa ajili ya swali hili peke yake. Kila mwanafunzi ashike sarafu mbili, moja ya baba na nyingine ya mama, azirushe mara nne, kila mrusho ukiwa mtoto mmoja, na sarafu zote mbili zikiangukia upande uliochaguliwa kuwa S, zihesabiwe SS. Darasa likimaliza, ubaoni kutaonekana familia zisizo na mgonjwa hata mmoja, familia zenye mmoja, na familia zenye wawili au watatu. Hesabu yenyewe inasema kwamba wazazi wote wawili wakiwa AS na wakipata watoto wanne, uwezekano wa kukosa mgonjwa kabisa ni karibu asilimia 32, na uwezekano wa kupata wagonjwa wawili au zaidi ni karibu asilimia 26. Zote ni familia za kawaida zilizobeba hatari ileile. Ile yenye wagonjwa watatu haikulaaniwa, na ile isiyo na mgonjwa haikuomba dua nzuri zaidi.

Jambo la pili ambalo miraba minne inalisema wazi ni hili: mtoto SS amepata S moja kwa kila mzazi. Haiwezekani ugonjwa "utoke kwa kina mama". Ndoa zimevunjika kwa neno hilo. Wanawake wamerudishwa kwao na watoto wagonjwa mgongoni, huku baba aliyechangia nusu ya ugonjwa akitafutiwa mke mwingine, ambaye naye anaweza kuwa AS. Kijana aliyemaliza kidato cha nne ana maarifa yanayotosha kumwambia mjomba au shangazi yake kwamba hoja hiyo haisimami kwa hesabu. Tukimfundisha jedwali bila kumwonyesha kwamba linaongelea nyumba yao, tumempa nusu ya somo.

Hapo linakuja fumbo. Kabla ya dawa za kisasa karibu watoto wote wa SS walikufa kabla ya kuzaa. Kila aliyekufa alikwenda na nakala mbili za jeni S. Kizazi baada ya kizazi, jeni hiyo ingetakiwa ipungue mpaka ibaki nadra. Mbona basi katika baadhi ya maeneo ya Afrika mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, na mahali pengine hata zaidi?

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Alisoma Witwatersrand kisha Oxford, na mwaka 1949, akiwa bado hajamaliza masomo yake ya udaktari, alirudi Kenya na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya. Wengine walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Alitaka kujua jinsi makundi ya damu yanavyotofautiana kati ya watu wa nchi, na kwa kuwa damu alikuwa nayo mkononi, akaipima pia kuona kama chembe zinapinda.

Matokeo hayakufuata kabila wala lugha. Pwani, na kando ya Ziwa Victoria, wabebaji walizidi asilimia 20. Nyanda za juu, hawakufika asilimia moja. Wagiriama wa pwani na Waluo wa ziwani hawana lugha ya mama moja, hawakutoka njia moja, wala mila zao hazifanani, lakini damu yao ilikubaliana. Wakikuyu, ambao lugha yao ni ya Kibantu kama ya Wagiriama, walikuwa tofauti nao. Allison alikulia nchi hii na alijua kinachotenganisha pwani na nyanda za juu: mbu. Kwenye joto, mbu aina ya Anofelesi huzaliana mwaka mzima, na kimelea cha malaria hukomaa ndani yake upesi. Kwenye baridi ya milimani, kimelea hicho hakiwahi kukomaa kabla mbu hajafa. Wazo likamjia kwamba jeni moja ya S humkinga mtoto na malaria.

Hakuwa peke yake kwenye njia hiyo. J. B. S. Haldane alikwishapendekeza wazo la namna hiyo kuhusu talasemia ya watu wa Mediterania. Beet, yuleyule wa Rhodesia, alikwishaona kwamba wabebaji walikuwa na vimelea vya malaria kwa uchache. Hermann Lehmann na Alan Raper, Uganda, walikwishaonyesha mwaka 1949 jinsi idadi ya wabebaji inavyobadilika kutoka jamii hadi jamii, na Waamba wa Bwamba, chini ya Rwenzori, wakiwa juu kuliko wote. Lakini kuona ni jambo moja na kupima ni jingine. Allison alirudi mwaka 1953, akiwa daktari tayari, ili apime.

Aliwachukulia damu watoto 290 wa Buganda. Kati yao 43 walikuwa wabebaji, na 12 kati ya hao walikutwa na vimelea vya malaria, sawa na asilimia 28. Wasio wabebaji walikuwa 247, na wenye vimelea walikuwa 113, asilimia 46. Kisha akafanya jambo ambalo leo lisingepita kirahisi mbele ya kamati yoyote ya maadili. Wanaume 30 wa Kiluo walikubali kuambukizwa malaria kwa makusudi, 15 wakiwa wabebaji na 15 si wabebaji. Kati ya wasio wabebaji, vimelea viliota katika damu ya 14. Kati ya wabebaji, viliota kwa wawili tu. Makala yake ilitoka katika British Medical Journal mwaka 1954, na kwa miaka kadhaa wapo wataalamu waliokataa kuiamini.

Jina la Allison limo vitabuni. Majina ya wanaume 30 hayamo. Sijui njia ya kuwatendea haki kamili watu waliokubali homa iingizwe mwilini mwao chini ya serikali ya kikoloni, ambako kukubali kwenyewe kuna maswali. Angalau mwanafunzi wa Kisumu aelezwe kwamba ushahidi anaousoma ulipatikana katika miili ya watu wa kwao, na darasa lijadili kama ilikuwa halali. Somo la biolojia lina nafasi ya mjadala huo.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye uzito wa sura hii. Chukua kijiji cha zamani cha pwani, kabla ya kwinini wala hospitali, na watoto 100 waliozaliwa. Watoto 100 wana nakala 200 za jeni ya beta. Tuseme 20 kati ya hizo ni S na 180 ni A, yaani S ni asilimia 10. Watu wakioana bila kuchagua damu, watoto watagawanyika hivi: 81 watakuwa AA, 18 watakuwa AS, na mmoja SS. Mmoja huyo atakufa, na nakala mbili za S zitaondoka naye. Zitabaki 18.

Ili jeni S isipungue katika kizazi kinachofuata, ni lazima nakala za A nazo zipungue kwa uwiano uleule, kutoka 180 hadi 162. Zinatakiwa kuondoka 18. Tukirahisisha na kusema kwamba wabebaji hawafi na malaria, nakala hizo 18 zitaondoka na watoto wa AA, mbili mbili kwa kila mtoto. Hao ni watoto tisa.

Hiyo ndiyo bei. Kwa kila mtoto mmoja aliyekufa kwa selimundu katika kijiji hicho, watoto tisa waliokuwa na damu "safi" walikufa kwa malaria, juu ya wale ambao wangekufa kwa sababu nyinginezo. Uteuzi asilia unapofundishwa kwa twiga wa shingo ndefu au nondo wa Uingereza aliyebadilika rangi kwa moshi wa viwanda, mwanafunzi huuona kama jambo la wanyama wa mbali. Hapa ni makaburi ya watoto nyuma ya nyumba ya bibi. Jeni S ilidumu pwani kwa sababu malaria iliwachukua wengi hivyo, kwa muda mrefu hivyo. Asilimia unayoipima leo katika damu ya watu wa Kilifi au Tanga ni kumbukumbu ya vifo ambavyo hakuna aliyeviandika.

Utafiti wa baadaye, mwingi wake ukifanyika Kilifi, umeonyesha kwamba AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Namna inavyofanya hivyo si moja. Kimelea kikiingia katika chembe ya mbebaji hutumia oksijeni na kubadilisha hali ya ndani, chembe hupinda mapema, na bandama, ambayo kwa mbebaji ni nzima, huiondoa pamoja na kimelea kilichomo. Kimelea chenyewe hukua kwa shida chembe hizo zinapokaa kwenye oksijeni kidogo. Tena chembe zilizoambukizwa hushindwa kunata vizuri kwenye kuta za mishipa, na kunata huko ndiko kunakoleta malaria ya ubongo.

Mambo mawili yasisahaulike darasani. Mbebaji anaweza kuugua malaria, na chandarua chake akitumie. Na mwenye SS hana kinga hiyo hata kidogo kwa maana inayomfaa: akipata malaria, damu yake iliyo haba huisha haraka, na malaria ni miongoni mwa mambo yanayowaua watoto hawa kwanza. Nimewahi kusikia mtu mwenye elimu yake akisema kwamba wagonjwa wa selimundu "hawashikwi na malaria". Kauli hiyo inaua.

Mwanafunzi mwepesi atauliza: kama ni hivyo, kwa nini mwili usitafute kinga isiyo na gharama? Ni swali zuri, na jibu lake ni kiini cha mada ya mageuko. Hakuna anayetafuta. Herufi ya DNA hubadilika kwa bahati, na kinachosaidia leo hubaki, hata kama kina madhara kesho. Afrika Magharibi, hasa karibu na Burkina Faso, kulitokea badiliko jingine katika nafasi ileile ya sita, himoglobini C, linalokinga na malaria kwa gharama ndogo zaidi kwa mwenye nakala mbili. Kwetu halikutokea, au halikufika. Tulipata S.

Na S ilisafiri. Ukipima jeni zinazoizunguka, unaweza kutambua matawi yake, na wanasayansi huyaita kwa majina ya mahali: Benin, Senegal, Kamerun, Bantu, na tawi la Uarabuni na India. Nchini Oman yamekutwa matatu, la Benin, la Uarabuni na India, na la Bantu. Mtu anayejua historia ya majahazi kati ya Muscat, Zanzibar na Mombasa, pamoja na biashara ya watumwa na ndoa za pande zote mbili, hatashangaa kulikuta tawi la Bantu katika hospitali ya Muscat. Nchini Marekani, takriban mtoto mmoja kati ya 13 wanaozaliwa katika jamii ya Wamarekani weusi ni mbebaji, idadi iliyo chini ya ile ya maeneo mengi ya Afrika Magharibi walikotoka mababu zao. Huko malaria ilishaondoka, na damu imechanganyika.

Lakini usije ukadhani hili ni somo la historia. Tanzania peke yake inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, ikiwa miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa, na orodha yao ikakua hadi maelfu. Kuwafuatilia tu, kwa penisilini, chanjo, asidi ya foliki na kutibu malaria mapema, kunaokoa wengi ambao zamani wangezikwa bila jina la ugonjwa kujulikana.

Dawa yenyewe inaturudisha kwenye lile jambo dogo la himoglobini ya kichanga. Hidroksiurea, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huu, huuamsha mnyororo wa gama ufanye kazi tena, na gama haifungamani na zile nyuzi. Kwa muda mrefu kulikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria dawa hii ingewadhuru watoto. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kinyume chake: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ilipungua. Ni vidonge vya kumeza nyumbani. Kilichobaki ni vipatikane wilayani kwa bei ambayo mama muuza maandazi anaiweza, na hilo si suala la sayansi.

Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokwenda mbali zaidi: seli za uboho za mgonjwa hutolewa, swichi ya jeni inayoizima himoglobini ya kichanga hukatwa, kisha seli hurudishwa mwilini. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nalitaja hili bila uchungu wa kujifanya, maana ni kazi ya kisayansi ya kupendeza kweli, lakini watoto wengi wa SS duniani wanazaliwa Afrika, na kwa bei hiyo hakuna hata mmoja wao atakayefikiwa.

Kuna wanaojifariji kwamba malaria ikiisha, selimundu nayo itaisha. Zanzibar imewahi kuishusha malaria hadi chini ya asilimia moja ya watu waliopimwa, kwa hiyo swali si la kufikirika. Tuchukue kijiji chetu cha mwanzo, S ikiwa asilimia 10, na tuondoe malaria yote leo. Tuchukulie hata lile baya kuliko yote, kwamba kila mtoto wa SS anaendelea kufa kabla ya kuzaa. Sasa wanaoondoka ni S peke yake, mtoto mmoja katika kila 100, na wabebaji wanazaa kama wengine. Hesabu inaonyesha kwamba S itachukua vizazi 10 kushuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 5. Ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, ni miaka 250. Na kwa kuwa tunawatibu watoto hao, na ndivyo inavyopaswa, wengine watakua na kuzaa, hivyo itachukua muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko kidato cha nne mwaka huu ataishi maisha yake yote, na watoto na wajukuu wake nao wataishi, katika jamii yenye jeni hii. Kipimo kipo, tone la damu linatosha kumwambia kama ni AA au AS. Shule iliyo karibu na hospitali ya wilaya inaweza kuomba mtaalamu wa maabara aje na hadubini yake, na wanaotaka kupimwa wapimwe kwa siri, kwa ridhaa yao na ya wazazi, kisha jedwali la miraba minne lichorwe ubaoni baada ya hapo, si kabla.